Komeo la Mlango wa Chini

Achol alinipigia simu nikiwa nyuma ya hoteli yangu hapa Lodwar, nakwaruza magamba ya samaki, na kwa vile mikono ilikuwa na utelezi niliipokea kwa kiwiko. "Akai, bado unapika ile chai yako ya maji maji?" Sikuwa nimeisikia sauti hiyo kwa miaka ishirini na sita, tangu apande ndege kutoka kambi ya wakimbizi kwenda kuishi ng'ambo, lakini niliijua kabla hajamaliza kunitukania chai. Alikuwa amerudi Kakuma kumzika mama yake. Nilimpa pole, nikamwambia Ijumaa nakuja, na nikarudi kwa samaki wangu nikicheka peke yangu. Msichana anayenisaidia jikoni aliniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nilimwambia aangalie chapati zisiungue. Furaha ile naikumbuka vizuri kwa sababu ilidumu siku tatu tu, na kwa sababu leo, nikiandika haya, ninamkasirikia Achol kiasi kwamba nikiona kibao chochote cha kuandikia, hata cha watoto wa nasari, moyo unaniruka.

Mambo ya ukoo, nani alimzaa nani, nayaacha. Hayana kazi hapa. Inatosha mjue kwamba nilikuwa na kaka, Ewoi, na kwamba Ewoi alikuwa nahodha wa boti ya chuma iliyovusha samaki wakavu na abiria kwenye ziwa letu. Upepo wa ziwa lile haubishi hodi. Unatoka mashariki asubuhi na mapema, na ukianza abiria wote hukimbilia upande mmoja kukwepa maji, boti inalala, na ikishalala haiamki. Kwa hiyo manahodha wote walikuwa na mazoea yao: upepo ukianza, nahodha anawateremsha abiria kwenye chumba cha chini, anasukuma komeo kwa nje ili wasitoke wakaiyumbisha boti, kisha anarudi kwenye usukani. Hakuna aliyeona ubaya. Mimi mwenyewe nimefungiwa humo mara nyingi, nikakaa juu ya gunia la samaki nikisengenya na wenzangu mpaka tufike ng'ambo. Wale wa siku ile hawakufika. Injini ilizima katikati, wimbi likaipiga boti ubavuni, ikajaa na kuzama kwenye kina ambacho wavuvi hawashushi hata nyavu. Aliogelea Ewoi, wakaogelea vijana wawili waliokuwa naye juu, walioruka kabla yake wasione alichofanya. Wa chumba cha chini hawakutoka hata mmoja.

Wiki ile Ewoi alijifungia katika chumba chake cha mabati nyuma ya soko la Lodwar, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Nakumbuka kile chumba kuliko vyumba vyote nilivyowahi kulala: kitanda cha kamba, koti lake la mvua likining'inia kwenye msumari, sufuria ya ugali ikipoa kati yetu. Samaki hakumgusa. Upande wa pili wa mabati majirani waliongea kama vile sisi ni viziwi. "Aliwafungia kama mbuzi," mwanamke mmoja alisema. Mwingine akajibu, "Na yeye akaruka." Niliinuka niwaendee nikawapasue, Ewoi akanishika kanga. "Akai, kaa. Nilifungua. Kabla ya kuruka nilishuka, nikavuta komeo nikafungua. Hiyo mlango iko wazi hata saa hii." Aliniangalia machoni aliposema hivyo. Nilimwamini pale pale, na sikuona haja ya kumuuliza mara ya pili. Ningemuuliza nini? Alikuwa kaka yangu, na alikuwa hali chakula.

Miongoni mwa waliofiwa alikuwa Mama Losike, jirani yetu, msusi wa vikapu vya majani ya mkoma. Mwanawe Losike na binti yake mdogo walikuwa mle chini. Alikuja na wazee wa kwao wakaeleza kwa heshima walichotaka. Kama Ewoi aliwafungia na hakuwafungulia, basi watu wetu walete mbuzi, achinjwe, na yale majani ya tumboni mwake tupakane vifuani, wao na sisi, tusafishike, tuweze tena kusalimiana na kula sahani moja. Hawakutaka jela. Walitaka mbuzi na neno. Wazee wetu wakakataa, kwamba kuleta mbuzi ni kukiri, na Ewoi amesema alifungua. Basi kila kitu kikaning'inia kwenye komeo moja lililolala chini ya maji, na swali likawa moja tu: limefungwa au liko wazi?

Serikali ikaunda kamati, na kamati ikamleta mzamiaji mstaafu kutoka Mombasa, mzee mnene mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, tuliyemwita Kepteni. Boti ilikuwa imelala ubavu na ujia wa kwenda chumba cha chini ulibanwa; mtu wa umbo lake hangepita. Alitaka watu wembamba wanaojua kuogelea, na mafunzo yangekuwa Kakuma, kwa sababu huko kulikuwa na tangi kubwa la saruji lililojengwa kwa ajili ya maji ya kambi likaachwa. Nilijiandikisha kwa jina langu la ubatizo, na ukoo wangu sikuutaja. Ningetajwa kuwa dada wa nahodha ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Tulikubaliwa wanawake wawili: mimi, na Achol, aliyekuja kutoka Sudan Kusini akiwa mtoto na aliyejifunza kuogelea kwenye Nile kabla hajajua kufunga viatu.

Tulipewa chumba kimoja chenye kuta za udongo na mlango wa bati la makopo ya mafuta, na kabla ya wiki ya pili Achol alikuwa ameshanijua mpaka ndani. "Wewe Mturkana, mtu ya ngamia," alinichokoza, "nani alikufunza kuogelea?" "Ziwa ni letu." "Na mamba?" "Mamba pia ni wetu." Alicheka akagonga ukuta. Asubuhi yeye alipika kisra, ile mikate myembamba kama karatasi, kwa mchuzi wa bamia. Jioni mimi nilipika chai, naye aliilaumu kila jioni bila kuruka hata moja. Nilimwambia habari za Ewoi tukiwa tunaosha vyombo. Hakushtuka. Alisema tu, "Malesh, dada," yaani pole, kisha akaongeza, "Kepteni asijue. Mimi sijui kitu." Nililala vizuri baada ya hapo. Mtu akishakubebea siri bila kukutoza chochote, utamshuku kwa lipi?

Kepteni alitufundisha kwa Kiswahili chake cha pwani kilichonyooka, na sisi tukamjibu kwa chetu cha kuchongoka. Mtungi wa hewa mgongoni, mkanda wa madini mazito ya risasi kiunoni ukuzamishe, kupanda polepole ukisimama njiani mwili upumue. Hayo tulishika. Lililotusumbua ni lile aliloliita ulevi wa kina. "Wanangu, mkishapita mita thelathini, hewa hii hii mnayovuta hugeuka pombe," alisema. "Mtu huona raha, akafanya jambo, akapanda juu asikumbuke alilolifanya. Kwa hiyo huko chini kichwa si shahidi. Shahidi ni kibao." Akatuonyesha kibao cha plastiki cheupe chenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Unaloliona unaliandika pale pale, na likishaandikwa halibishaniwi, hata kama wewe mwenyewe utaapa vingine. Tulipohamia Kalokol kufanya mazoezi ziwani, alitushusha mita thelathini na tano na kutupa hesabu za kujumlisha. Achol alizipata zote. Mimi niliandika jina la mbuzi wetu aliyekufa nikicheka ndani ya maji mpaka miwani ikajaa. "Achol ataandika," Kepteni akaamua. "Wewe, binti, utatangulia na tochi." Niliona aibu, lakini ndani yangu nilifurahi. Kama mwandishi ni Achol, nani atasema dada wa nahodha ameghushi?

Siku yenyewe maji yalikuwa ya kijani kizito juu, na tuliposhuka yakawa ya rangi ya chai ya rangi, kisha giza. Tulifuata kamba. Kepteni alibaki njiani ameshika mitungi ya akiba, akatupungia mkono tuendelee. Sehemu ya kushuka naikumbuka yote: ubavu wa boti ukitokea kama ukuta wa ghala, samaki wakubwa wakitupisha bila haraka, ndala ya mtoto imekwama kwenye reli. Ujia ulikuwa mwembamba hivi kwamba mtungi wangu uligonga juu na chini, na Achol alikuwa nyuma yangu, mkono wake kwenye kisigino changu. Nakumbuka mlango. Nakumbuka nikijisikia raha kubwa isiyo na sababu, kama mtu aliyesamehewa. Kuanzia hapo kuna pengo. Kinachofuata ni Achol akiwa amebanana nami begani, tochi yangu ikimulika kibao chake, naye akiandika kwa herufi kubwa: KOMEO WAZI. Aliniangalia kwa muda kupitia miwani, kisha akanionyesha kibao nitie alama yangu kama tulivyofunzwa. Nikatia.

Tulipopandishwa kwenye mtumbwi wa injini kiganja changu cha kulia kilikuwa kinatiririka damu. Kepteni alinisafisha kwa spiriti, nikapiga kelele, akaniuliza nimekatwa na nini. "Mabati ya boti," nilisema, kwa maana nilidhani hivyo. Kutu ilikuwa imeingia kwenye kucha. Yeye akasoma kibao mara mbili, akavua kofia. Mbele ya kamati alieleza kwamba maji yakishaujaza ujia huukandamiza mlango, na hata ukiwa haujakomewa, walio ndani hawaufungui. Nahodha alifungua; maji ndiyo yaliyofunga. Nilimtazama Mama Losike nikitaka aone uso wangu. Mungu anisamehe, nilitaka aone kwamba tumeshinda.

Nilikimbia hadi kwa Ewoi na habari hiyo. Alikuwa anakula, ugali na mboga ya kunde, na tonge likakwama njiani. "Wazi?" akauliza. "Kibao kimesema wazi!" "Uko na hakika, Akai?" Niliona macho yake yamejaa maji, nikamkumbatia, nikalia naye, nikidhani tunalilia kitu kimoja. Mbuzi hakupelekwa. Ewoi hakurudi tena majini. Alihamia Lokichar akafungua duka kando ya barabara, akawa mzee wa kanisa, na tulipomzika miaka miwili iliyopita padri alimwita mtu aliyesingiziwa akanyamaza. Nilipiga vigelegele makaburini. Na Mama Losike? Miaka ishirini na sita nimepita mbele ya uzio wake nikisema ejok, na miaka ishirini na sita hajaitika. Ejok kwetu ni kitu kidogo sana, hata mgeni wa jana huitikiwa. Mimi nilipita, nikasalimu, nikanyimwa, nikaenda kwenye hoteli yangu nikiwa na haki yangu. Niliishi juu ya ile haki kama mtu aliyejenga juu ya mwamba. Nimegombana na wake wa watu sokoni kwa ajili yake.

Ijumaa hiyo nilimkuta Achol katika nyumba ya marehemu mama yake, Kakuma, amenenepa, amevaa miwani ya kusomea, bado anacheka kwa kugonga ukuta. Waombolezaji walikuwa wameondoka. Aliandaa kisra na bamia kwenye sinia moja kama zamani, tukaketi kwenye mkeka, na mlango wake ulikuwa wa bati la makopo ya mafuta kama ule wa chumba chetu. Tulimlilia mama yake kidogo, tukamcheka Kepteni kidogo. Kisha mimi, kwa mdomo wangu huu, nikaanza kulalamika. "Unajua Mama Losike hanisalimii mpaka leo? Na kibao kilisema wazi! Watu wengine, Achol, hata uwape ukweli kwenye sahani watatema."

Achol alirudisha kipande cha kisra kwenye sinia. Alitazama mlango, kisha mimi. "Akai," akasema polepole, "hapa tuko wawili tu."

"Najua tuko wawili."

"Basi nani unaongelesha hivyo?"

Sikumwelewa, nikamwambia simwelewi. Akavua miwani yake. "Hiyo komeo ulifungua wewe. Mimi nilikuwa nyuma yako, naona na macho yangu. Ilikuwa imefungwa, imeshika kutu. Uliweka tochi kwa kwapa, ukavuta na mkono moja, ukavuta, ukavuta, mpaka ikatoka. Halafu ukanipigia bega, ukanionyesha kibao. Niandike."

"Muongo!"

"Kepteni alisema andika ile unaona. Wakati naandika, ilikuwa wazi."

Nilimwita muongo mara ngapi sijui. Nilisimama, nikapindua bakuli la maji ya kunawa. Nilimwambia ameishi ng'ambo kwenye baridi mpaka akili imeganda. Hakupandisha sauti. Alichosema ni kwamba alidhani tumekubaliana. Alidhani nilifanya kwa makusudi, kwa ajili ya Ewoi, na kwamba nilipotia alama yangu nilikuwa namwomba anifunikie. Akanifunikia. Aliondoka na jambo hilo akaenda nalo mpaka kwenye nchi ya theluji, akaungama kwa mapadri watatu tofauti, na hakuna siku aliyomwambia mtu jina langu. "Nilifikiri wewe ndiyo ulinitumia," alisema. "Miaka yote nilikuwa na hasira na wewe. Nikasema, Akai ni dada yangu, lakini alinifanya niandike uongo juu ya watu wamekufa."

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile ile, kwenye mtumbwi, kwa nini?"

"Na wewe, kwa nini hukuuliza mkono ilikatwa na nini?"

Niliondoka bila kumuaga, na sijampigia. Najua mtasema Achol hana kosa. Semeni. Mimi naona kwamba mtu aliyekuwa na akili timamu kule chini alikuwa mmoja, na ni yeye. Kazi yake ilikuwa kuwa na akili kwa niaba yetu wawili, ndiyo maana alipewa penseli. Alinitazama kupitia miwani akaona mlevi, akamwandikia mlevi alichotaka. Hilo sijamsamehe. Na Ewoi, ambaye mifupa yake iko Lokichar chini ya msalaba mzuri, aliniangalia machoni juu ya ugali akaniambia alifungua, kisha nilipomletea habari kwamba ni kweli, aliniuliza kama nina hakika. Yeye peke yake katika Lodwar nzima alijua kwamba kuna mtu amemfungulia baada ya kifo cha wale wote, na pengine alijua ni nani, na alinikumbatia na kuniacha niende zangu kugombana na wafiwa. Kaka yangu! Nilimpigia vigelegele. Kama angeniambia hata mara moja, hata siku anayokufa, ningepeleka mbuzi usiku huo huo wakati kulikuwa bado na baba yake Losike wa kupakwa.

Lakini hasira ikishawazunguka hao wawili inarudi nyumbani. Nimejaribu kulikumbuka lile pengo. Nimekaa nyuma ya hoteli nikafumba macho, nikashuka tena ile kamba, nikapita ndala, nikafika mlangoni, na kila mara ninachokipata ni ile raha tu, raha ya mtu aliyesamehewa. Mtu aliyekuta mlango uko wazi asingejisikia hivyo, angejisikia ameshinda. Sijui kama nililewa ndipo nikafungua, au kama nilishuka mita zile zote nikiwa nimeshaamua, ulevi ukanipa tu kisingizio. Kiganja hiki kimekanda unga miaka yote hii, kikawahudumia watu chai, na kovu lake nimewaambia wote ni la mabati. Kilijua. Kilinificha kama wale wengine walivyonificha.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Mama Losike. Niliacha mbuzi kwa mpwa wangu nje ya uzio, kwa sababu hatupeleki mbuzi kabla ya neno. Alikuwa kivulini mwa kibanda chake, miguu ameinyoosha, kikapu cha mkoma kimefika nusu mapajani. Amekuwa mdogo sana. Nilisema ejok. Hakuitika. Nikakaa chini kwenye mchanga bila kukaribishwa, na nikasema maneno niliyoyarudia njia nzima: "Mama, ile komeo ilikuwa imefungwa. Kwa nje. Ewoi hakufungua."

Vidole vyake viliendelea kusuka mzunguko mmoja mzima. Kisha vikasimama. Nilitarajia alie, au anifukuze, au aniambie alijua siku zote. Aliinua uso akanitazama, mara ya kwanza tangu nikiwa msichana, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuelewa.

"Sasa nani alifungua?"

Nikanyoosha mkono, nikakikunjua kiganja mbele yake.